Nyumba za kaunsili England: nani anasimamia, nani analipa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kaunsili ikianza kutuma zile barua za "mustakabali wa nyumba zenu" watu wanapata wasiwasi, simu zinaanza kupigwa, na maswali ni yale yale kila mara. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Haya yanahusu England tu, maana Uskoti na Wales wana sheria zao za nyumba na zinatofautiana sana na za huku.

## Mambo ya msingi

Nyumba ya kaunsili ni ipi, si sawa na ya hausing asosiesheni?

Hapana, si sawa. Nyumba ya kaunsili mwenye nyumba wako ni serikali ya mtaa yenyewe, madiwani unaowapigia kura ndo wenye neno la mwisho, na mara nyingi unakuwa na mkataba wa mpangaji mwenye ulinzi kamili chini ya sheria ya nyumba ya 1985. Hausing asosiesheni ni taasisi inayojitegemea, ina bodi yake na mikopo yake, na huwezi kumwondoa mkurugenzi wake kwa kura ya udiwani.

England bado ina nyumba za kaunsili kama milioni 1.6 hivi, na za hausing asosiesheni sasa ni nyingi kuliko hizo. Zamani haikuwa hivyo kabisa, ila baada ya 1980 haki ya kununua, yaani mpangaji kuinunua nyumba anayokaa kwa bei ya punguzo, ikaondoa karibu nyumba milioni mbili, alafu kuhamisha nyumba kukaondoa nyingine nyingi, tutafika huko.

Kuna njia gani za kuzisimamia?

Njia kuu ni tano. Kaunsili inaweza kusimamia yenyewe kwa idara yake. Inaweza kuunda kampuni yake ya kusimamia, hiyo ndo wanaita ALMO. Wapangaji wenyewe wanaweza kuunda chama chao cha usimamizi, TMO. Inaweza kuingia mkataba mrefu na kampuni binafsi, PFI. Au inaweza kuzihamisha kabisa nyumba ziende kwa hausing asosiesheni.

Shika jambo moja hapa hata kama mengine yote utasahau: katika nne za kwanza mwenye nyumba anabaki kaunsili na mkataba wako haubadiliki. Ya tano tu ndo inabadilisha mwenye nyumba. Watu wanachanganya sana hapa, wakisikia "kampuni mpya" wanadhani wameuzwa, na upande mwingine wapo wanaoambiwa "ni uhamisho tu wa kawaida" wakati kweli wanabadilishiwa mwenye nyumba moja kwa moja.

ALMO ni kitu gani, na kwa nini zilikuwepo nyingi alafu zikapotea?

ALMO ni kampuni inayomilikiwa na kaunsili asilimia mia, haitafuti faida, ina bodi yenye wapangaji, madiwani na watu wa nje. Zilianza 2002. Sababu ilikuwa pesa, tusidanganyane: serikali ilikuwa imeweka kiwango cha nyumba bora mwaka 2000, ikitaka nyumba zote zifikie kiwango hicho 2010, na ikasema kaunsili itakayounda ALMO na ikafanya vizuri kwenye ukaguzi, angalau nyota mbili, itapewa pesa za ziada za jiko, bafu, madirisha na boila. Wakati wa kilele zilifika karibu 70 na zilisimamia nyumba zaidi ya milioni moja.

Zile pesa zilipoisha, sababu kubwa ya kuwa na kampuni ya pembeni ikaisha nayo. Kaunsili nyingi zikarudisha usimamizi ndani, Haringey 2022, Lewisham na Nottingham 2023. Zimebaki chache na baadhi zinafanya kazi nzuri tu. Kwa hiyo usichukie au kupenda ALMO kwa jina lake, angalia lifti inatengenezwa kwa muda gani.

Na TMO je, wapangaji wanaweza kweli kujisimamia?

Wanaweza, na ni haki ya kisheria tangu 1994. Wapangaji wa eneo wanaunda chama, wanapata mafunzo, wanapiga kura, kisha kaunsili inawapa posho ya kila mwaka wafanye kazi walizokubaliana, kwa mfano usafi, matengenezo madogo, wakati mwingine hata kukusanya kodi. Zile ndogo, za esteti moja (mtaa wa majengo ya kaunsili) ambapo mwenyekiti anakaa ghorofa ya tatu na unakutana naye kwenye ngazi, nyingi zinapendwa sana na wakazi wake.

Lakini lazima nitaje kaunsili ya Kensington and Chelsea, London. Kule TMO ilikuwa inasimamia nyumba zote za kaunsili hiyo, maelfu, jina la wapangaji lilikuwepo ila ukubwa ulikuwa wa shirika kubwa la mbali. Wakazi wa Grenfell, jengo refu la ghorofa la kaunsili hiyo, walilalamika kuhusu usalama wa moto kwa miaka, na 14 Juni 2017 moto ule uliua watu 72. Usimamizi ulirudi kaunsili 2018. Kwangu mimi funzo si kwamba wapangaji wasijisimamie. Ni kwamba jina la wapangaji kwenye bango halisaidii kitu kama malalamiko yao hayasikilizwi.

## Pesa zinatoka wapi

Matengenezo ya nyumba yangu yanalipwa na kaunsil taksi (ushuru wa makazi ambao kaya zinailipa kaunsili)?

Hapana! Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote na ndo jibu linaloshangaza watu. Kila kaunsili yenye nyumba inatakiwa iwe na akaunti tofauti ya nyumba, inaitwa HRA, na sheria ya 1989 imeizungushia uzio. Kodi yako ya nyumba, sevisi chaji (malipo ya huduma za pamoja kama usafi wa ngazi), kodi za gereji na maduka ya chini ya majengo, vyote vinaingia humo. Kutoka humo ndo yanalipwa matengenezo, mishahara ya maafisa nyumba, riba za mikopo na akiba ya kazi kubwa kama mapaa na lifti. Kaunsil taksi haiingii humo, na pesa za humo hazitakiwi kutoka kwenda kulipia maktaba au barabara.

Kwa maneno mengine, wapangaji ndo wanaolipia nyumba za kaunsili. Mtu akikwambia unakaa kwa hisani ya walipa ushuru wengine, mwonyeshe bajeti ya HRA. Ni kweli kodi za nyumba za wengi zinasaidiwa na benefiti (msaada wa pesa wa serikali), lakini benefiti hiyo hiyo inalipwa pia kwa landlodi binafsi na huko kodi ni kubwa zaidi.

Kodi yangu inapangwaje?

Kuna fomula ya kitaifa. Inaanza na wastani wa kodi wa Aprili 2000, paundi 54.62 kwa wiki. Asilimia 70 ya hiyo inarekebishwa kwa mishahara ya eneo lenu na idadi ya vyumba, na asilimia 30 kwa thamani ya nyumba yako ilivyokuwa Januari 1999. Ndiyo, 1999, hata kama jengo linaonekana tofauti kabisa leo. Kisha inapandishwa mwaka hadi mwaka kulingana na kanuni ya serikali. Ndo maana majirani wawili wenye vyumba sawa wanaweza kuwa na kodi tofauti kidogo na hakuna aliyeibiwa.

Kanuni ya kupandisha kwa sasa ni mfumuko wa bei wa Septemba iliyopita ukiongeza asilimia 1. Mfano Septemba 2024 mfumuko ulikuwa 1.7, kwa hiyo Aprili 2025 kikomo kilikuwa 2.7, yaani kodi ya paundi 100 ikawa 102.70. Mwaka 2023 mambo yalikuwa mabaya, kanuni ingeleta 11.1 kwa hiyo serikali ikaweka kikomo cha 7.

Angalia pia kama nyumba yako ni ya kodi ya kijamii au ile inayoitwa kodi nafuu, iliyoanza 2011. Hiyo ya pili inaweza kufika asilimia 80 ya kodi ya soko, na London hiyo si nafuu kwa mtu yeyote ninayemfahamu. Iko kwenye mkataba wako, ukurasa wa kwanza au wa pili.

Kama tunalipa wenyewe mbona kaunsili inasema haina pesa?

Hapa panahitaji maelezo marefu kidogo, vumilia.

Kabla ya 2012 kodi zote zilikuwa zinaingia kwenye mfumo wa kitaifa, serikali kuu inakokotoa nani apate na nani atoe, na kaunsili nyingi zilikuwa zinatoa kodi za wapangaji wao kwenda juu. Aprili 2012 mfumo huo ukafutwa. Kila kaunsili ikaambiwa sasa baki na kodi zako zote, lakini kwanza chukua sehemu yako ya deni. Nyingi zilikopa kwa mkupuo zikalipa serikali, na hesabu ya deni lile ilifanywa kwa kudhani kodi zitapanda kwa utaratibu fulani kwa miaka 30.

Miaka minne baadaye serikali hiyo hiyo ikaamuru kodi zishuke asilimia 1 kila mwaka, 2016 mpaka 2020. Kwa mpangaji ilikuwa afueni na siwezi kusema hakuna aliyefurahi, lakini deni halikushuka hata senti, na kila mwaka wa kushuka unaacha pengo linaloendelea miaka yote inayofuata. Alafu ikaja kikomo cha 2023, bei za vifaa vya ujenzi zikapanda, riba zikapanda, na baada ya Grenfell kazi za usalama wa moto ambazo lazima zifanyike. 2024 kaunsili 20 zenye nyumba nyingi, Southwark ikiongoza, zilitoa ripoti zikisema akaunti zao za nyumba zitakuwa na pengo la paundi bilioni 2.2 ifikapo 2028.

Kwa hiyo wakisema hawana pesa wanaweza kuwa wanasema kweli. Lakini "hatuna pesa" si sababu ya kutojibu simu ya mtu ambaye paa linavuja.

Si wakope tu?

Wanakopa, hasa kutoka mfuko wa mikopo wa serikali, na kikomo cha kukopa kwa ajili ya nyumba kiliondolewa Oktoba 2018. Shida ni kulipa. Chukua hesabu ya mfano: nyumba mpya imegharimu paundi 250,000, yote mkopo, riba asilimia 5, riba peke yake ni 12,500 kwa mwaka. Kodi ya paundi 115 kwa wiki inaleta 5,980. Hujatengeneza hata bomba na tayari unadaiwa. Ndo maana nyumba mpya za kodi ya kijamii hazijengeki bila ruzuku, na anayekuahidi nyumba mpya muulize ruzuku iko wapi.

Ruzuku ipo: 2025 serikali ilitangaza mpango wa paundi bilioni 39 kwa miaka 10, na kanuni ya kodi ya mfumuko ukiongeza 1 ikapewa miaka 10 kuanzia Aprili 2026. Uhakika huo wa kodi una maana kubwa, kwa sababu bila kujua mapato ya miaka ijayo huwezi kukopa kwa akili.

Nyumba zikiuzwa kwa haki ya kununua, pesa inaenda wapi?

Kwa miaka mingi sehemu yake ilikuwa inaenda hazina ya serikali kuu. Sasa kaunsili inabaki na pesa za mauzo ili ijenge au inunue nyumba nyingine. Na punguzo limekatwa sana: lilikuwa limefika mpaka 102,400, London 136,400, tangu 21 Novemba 2024 ni kati ya 16,000 na 38,000 kutegemea mkoa. Mimi naunga mkono kukatwa huko. Najua wapo waliokuwa wanajiandaa kununua na wameumia, lakini nyumba iliyouzwa nusu bei hairudi kwa pesa hiyo, na foleni ya wanaosubiri ni ndefu.

## Kuhamishwa kwenda hausing asosiesheni

Kwa nini kaunsili itake kutoa nyumba zake?

Kwa sababu hausing asosiesheni inakopa nje ya vitabu vya serikali, yaani mikopo yake haihesabiwi kama deni la serikali, kwa hiyo inaweza kuleta pesa za matengenezo ambazo kaunsili haina. Kaunsili ya Chiltern ndo ilikuwa ya kwanza, 1988, na kwenye miaka ya 90 na 2000 zikafuata nyingi sana. Ahadi kwa kawaida ni zile zile, jiko jipya, madirisha, na kodi kulindwa kwa miaka kadhaa.

Je ahadi zinatimizwa? Mara nyingi matengenezo ya mwanzo yanafanyika kweli. Baada ya hapo inategemea. Rochdale nyumba za kaunsili zilihamishwa 2012, na Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki huko kwa sababu ya ukungu kwenye nyumba ambayo baba yake alikuwa ameilalamikia mara nyingi. Kuhamisha hakukumlinda. Kubaki kaunsili peke yake pia hakumlindi mtu, kuna kaunsili zenye ukungu wa kutisha.

Wanaweza kutuhamisha bila kutuuliza?

Hawawezi. Sheria inataka kura ya wapangaji na idhini ya waziri, na wengi wa waliopiga kura wakikataa haiendi. Hii si nadharia. 2002 wapangaji wa Birmingham, moja ya kaunsili zenye nyumba nyingi kabisa, walipiga kura wakakataa kwa theluthi mbili, na nyumba zikabaki kaunsili.

Kura inahesabiwa kwa waliopiga, kwa hiyo ukikaa nyumbani unawaachia wengine waamue.

Nikihamishwa napoteza nini?

Mkataba unabadilika kutoka ule wa kaunsili kwenda wa hausing asosiesheni, kwa hiyo haki zako nyingine zinatoka kwenye karatasi ya mkataba mpya badala ya sheria. Haki ya kununua unabaki nayo kama ulikuwa mpangaji siku ya kuhama, lakini anayeingia baada yako hana. Na diwani wako hana tena amri juu ya mwenye nyumba wako, atakuandikia barua tu. Soma waraka wa ofa mstari kwa mstari kabla ya kura, hasa sehemu ya kodi baada ya kipindi cha ulinzi kuisha.

## Kuulizwa maoni na haki zako

Kaunsili ikitaka kufunga ALMO au kuifungua, lazima tupige kura?

Kura si lazima kisheria hapa, tofauti na kuhamishwa. Lakini kifungu cha 105 cha sheria ya 1985 kinasema wapangaji wenye mkataba wa ulinzi lazima waulizwe maoni kwenye mabadiliko ya usimamizi yanayowagusa kwa kiasi kikubwa, na maoni yao yazingatiwe kabla ya uamuzi. Neno ni "kabla". Ukiona barua inasema "tumeamua" alafu chini yake "tupe maoni yako", iulize kaunsili kwa maandishi uamuzi ulifanyika tarehe gani na kwenye kikao gani.

Na kodi ikipanda, lazima watuulize?

Hapana, kifungu hicho hakigusi kodi wala sevisi chaji. Wanatakiwa kukupa notisi ya angalau wiki nne tu. Kwenye sevisi chaji usikate tamaa lakini, omba mchanganuo. Kama unatozwa usafi wa ngazi na jengo lenu lina ngazi inayofagiliwa mara moja kwa mwezi, una haki ya kuuliza.

Nani anaikagua kaunsili yenyewe?

Tangu 1 Aprili 2024 msimamizi wa nyumba za kijamii anakagua kaunsili pia, si hausing asosiesheni tu, kila miaka minne kwa zenye nyumba 1,000 au zaidi, na anatoa daraja C1 (bora) mpaka C4 (mbaya kabisa). Tafuta daraja la kaunsili yako, ni la wazi kwa wote. Malalamiko yako binafsi yanaenda kwanza kwa kaunsili hatua zote mbili, kisha kwa ombudsman wa nyumba, yaani mwamuzi huru wa malalamiko, bure.

Na sheria ya Awaab, yenye jina la yule mtoto wa Rochdale, imeanza 27 Oktoba 2025: hatari ya dharura masaa 24, unyevu na ukungu wa hatari uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi na usalama urudishwe ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi. Haijalishi anayesimamia ni idara, ALMO au TMO, anayewajibika ni mwenye nyumba.

## Hali za pembeni

Kaunsili yetu imetangaza imefilisika, nyumba zitauzwa?

Kaunsili haifilisiki kama duka. Inachotoa ni notisi ya kifungu cha 114, kwamba matumizi yamezidi uwezo, na matumizi mapya yanasimamishwa. HRA iko nyuma ya uzio wake (rudi kwenye swali la kaunsil taksi), kwa hiyo kodi yako haitakiwi kuziba mashimo mengine. Sema "haitakiwi" kwa sauti, maana Nottingham mwaka 2021 iligundulika pesa za HRA zilikuwa zimetumika isivyo halali na notisi ikatolewa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo wapangaji waangalie ile hesabu inaitwa malipo kutoka HRA kwenda mfuko mkuu (ule wa huduma nyingine za kaunsili), inapanda kila mwaka kwa sababu gani?

Kaunsili imejenga nyumba kupitia kampuni yake, ni za kaunsili?

Mara nyingi hapana, ni za kampuni na ziko nje ya HRA, na mkataba unaweza kuwa wa kawaida kama wa landlodi binafsi. Uliza kabla ya kusaini. Njia hii ina hatari zake pia: Croydon iliikopesha kampuni yake Brick by Brick karibu paundi milioni 200, na hilo lilichangia kaunsili kutoa notisi ya 114 Novemba 2020.

PFI bado zipo?

Mpya hazifungwi, serikali iliacha mwaka 2018, ila za zamani za miaka 25 au 30 zinaendelea. Esteti ya Chalcots kule Camden ilikuwa kwenye PFI tangu 2006, majengo yake yakahamishwa watu usiku mmoja Juni 2017 kwa sababu ya usalama wa moto, na kaunsili ikachukua usimamizi tena. Kama mko kwenye PFI, anzeni kuuliza miaka mitano kabla haijaisha: nyumba zitarudishwa katika hali gani na nani atalipia?

Nilinunua flati yangu, haya yananihusu?

Sana. Wewe sasa una lisi, yaani unamiliki flati kwa miaka maalumu lakini jengo ni la kaunsili, unachangia sehemu yako ya kazi kubwa za jengo. Kazi ikikugharimu zaidi ya paundi 250 lazima upewe notisi ya kifungu cha 20 na nafasi ya kutoa maoni. Bili ya paa inaweza kuwa maelfu, kwa hiyo jibu ile notisi.

Wanataka kubomoa esteti yetu, tuna kura?

London, kama mradi unapata pesa za Meya na unajenga nyumba 150 au zaidi, ndiyo, tangu Julai 2018. Sehemu nyingine mnabaki na kifungu cha 105, isipokuwa kaunsili yenyewe iamue kuweka kura.

Kiingereza changu si kizuri, nitashirikije?

Omba mkalimani au barua itafsiriwe, na uombe mapema, wiki mbili kabla ya mkutano. Usimtume mtoto akutafsirie mambo ya mkataba. Ukifika mkutanoni omba nakala ya mpango wa HRA wa miaka 30, kaunsili karibu zote wanao, na waambie wakuonyeshe ukurasa unaotaja jengo lenu na mwaka waliopanga kulitengeneza. Wakisema jengo lenu halimo, andika jina la aliyekujibu na tarehe, kisha mpelekee diwani wako siku hiyo hiyo.